Saa Ambayo Sikuharibu Kitu

Saa nane za usiku, Wichita, barafu imeng'ang'ania vioo vya magari,
na mimi naingia kazini kuharibu ndege.

Ndiyo kazi yangu. Nalipwa mshahara na bima ya meno.
Ndege yenyewe haina mbawa. Ni chumba cheupe
juu ya miguu sita ya chuma,
kinainama, kinatetemeka, kinapiga chafya,
na hakijawahi kutoka ndani ya banda hili.
Mlango ukishafungwa
ubongo unaukubali uongo kabla hujafunga mkanda.

Kiti cha kushoto: Delbert Koehn, miaka hamsini na tisa,
mtoto wa wakulima wa ngano wa Goessel.
Amerusha ndege moja miaka kumi na tisa,
akiijua kama unavyoujua mlango wa kwenu unaokwama.
Bosi ameiuza. Amenunua mpya, vioo vitupu,
haina mshale hata mmoja wa kutazama.
Mtu mzima amerudi chekechea,
kadi za manjano mfukoni, anazisoma hadi kwenye foleni ya kahawa.
Kiti cha kulia: Linh Doan, kalamu sikioni, hana haraka.

Nyuma yao, gizani, mimi.
Kidole kimoja: moto.
Kidole kimoja: bata bukini watatu ndani ya injini ya kulia.

Siku ya kwanza niliwaachia hao bata
kwenye kasi ya kuamua, ile sekunde
ambayo kabla yake unashika breki
na baada yake huna budi kwenda.
Ilitakiwa akanyage kushoto. Akakanyaga kulia.
Tukalala ubavu juu ya maghala ya nafaka, kioo kikawa chekundu, kimya.
Nikamsikia akisema neno moja la Kijerumani cha bibi yake,
kisha akageuka kutazama nyuma, kule wangekokaa abiria.
Kule kuna ukuta, kizimamoto, na koti langu.

Mazoea yana taabu. Siku ya tano
mkono wake ulikuwa bado unatafuta swichi
pale ilipokuwa kwenye ndege iliyouzwa.
Nikamchoma. Nikamgandisha. Nikamnyima haidroliki.
Siku ya kumi akapita katikati ya moshi
akisoma hatua kama mtu anayesoma bei za sokoni.

(Nimeangusha ndege elfu nne bila kumjeruhi mtu.
Kabla ya hapo nilirusha moja ya kweli, na hilo ni jambo jingine.)

Usiku wa mwisho ilibaki saa moja.
Nikaweka: hewa safi, upepo kidogo wa kusini, Wichita hadi Santa Fe.
Nikakunja mikono.

Magurudumu yakaingia. Hakikutokea kitu.
Futi elfu kumi. Hakikutokea kitu.
Delbert akaanza kutoka jasho.
Akagonga kioo cha mafuta kwa ukucha.
"Unasikia mlio?"
"Nasikia kiyoyozi," akasema Linh.
Juu ya milima akageuza shingo:
"Marlys, umenificha nini?"

Sikumjibu. Nyota za kompyuta zilikuwa zimewaka zote,
hata zile ambazo taa za viwanda zimetunyima huku.
Sijui kama aliziona.
Alikuwa anatazama taa ambazo hazikuwaka.

Akatua kama anayelaza mtoto aliyekwisha sinzia,
kisha akabaki ameshika usukani, akisubiri.
"Basi," nikasema. "Siku nyingi zitakuwa hivi."
"Afadhali ule moto," akasema.

Nje kunapambazuka. Anakwangua barafu
kwa kadi ya hatua za dharura.
Anawasha pikapu, na kwenye dashibodi
taa ya injini inamtolea jicho la njano.
"Hiyo? Imewaka tangu mwaka juzi. Mwongo huyo."
Anaondoka polepole, taa ya kulia ikipepesa
kwenye barabara tupu, hakuna wa kuiona.